Mikono ya Mama Haikuonekana Kwenye Tovuti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nyumbani kwetu kumenuna na aliyenuna ni mama, ambaye ni kiziwi tangu utotoni na amefundisha lugha ya alama maisha yake yote, sasa mimi bintiye ninayetengeneza tovuti nikamwambia mama, kaa hapa nipige picha mikono yako, kila neno na picha yake, wazazi wenye watoto viziwi wajifunze, na kwenye kompyuta yangu ilipendeza mpaka mama akacheka peke yake, basi tukaalika wazazi darasani kwake, nikaihamishia tovuti kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayoifikisha kwa watu wote, wakafungua simu zao, na hapo palikuwa na maneno matupu, “maji”, “njoo”, “nakupenda”, na kando ya kila neno kisanduku cheupe, hakuna rangi, hakuna mkono hata mmoja, mama akachungulia simu ya mzazi mmoja, akanigeukia, akaniambia kwa alama, “Kama mikono yangu imezeeka, ungeniambia tu,” kisha akaitia mikono mifukoni mwa sweta, na tangu hapo nikianza kumweleza habari za seva anafumba macho, na kiziwi akikufumbia macho mazungumzo yamekwisha, nifanyeje?

Binti Aliyekwama

Pole, binti yangu. Barua yako niliisoma mara mbili, na ya pili nikajikuta naitazama mikono yangu mwenyewe.

Sasa nikukaripie kidogo. Ulialika watu bila kuifungua tovuti kwenye simu yako kwanza? Wakati wa majaribio kompyuta yako inakubebea picha na rangi yenyewe. Kwenye seva hakuna wa kukubebea. Kusanya picha na mafaili ya rangi kwenye folda moja, ionyeshe seva folda hiyo ilipo, na kwenye violezo vya kurasa futa kila anwani inayoelekeza kwenye kompyuta yako. Zima hali ya majaribio, kisha azima simu ya jirani ujaribu.

Na mama? Alikuuliza kama unamwonea aibu, wewe ukamjibu habari za seva! Kaa mbele yake, mwambie kwa mikono yako kwamba ya kwake ni mizuri. Halafu mpe simu.

Hayo nilikutumia kabla ya gazeti kuchapwa, nawe ukaniandikia tena, na kwa ruhusa yako wasomaji wajue yaliyotokea. Picha zimeonekana. Mama amezipitia zote polepole, akafuta macho, akakuambia, “Hii ya ‘njoo’ kidole kimekaa vibaya. Lete kamera.”

Sasa unaniandikia mimi ya nini tena? Nenda kampige picha mama yako.