Ukuta uliopinda katika nyumba yetu ya Mukendo

Jumamosi. Musoma imeamka na mawingu, ziwa limetulia, na mimi nina furaha iliyochanganyika na aibu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwonyesha Baba picha. Kaka yangu Rajabu, anayeuza spea za baiskeli kule Bunda, anataka nyumba yetu ya zamani hapa Mukendo ivunjwe yote tujenge mpya. Baba hakuwa amekubali wala kukataa. Alikuwa mwashi, ramani anazijua, ila siku hizi macho yake yanachoka na mistari myembamba.

Kuchora nyumba ndiyo kazi yangu. Nilishatengeneza kwenye kompyuta modeli ya nyumba ilivyo, ikabaki kuihamishia kwenye programu ya kurenda, ile inayoigeuza kuwa picha kama ya kamera. Hapo lazima uchague faili lisafiri kwa fomati gani. Mimi nilichagua kwa uvivu.

Nakiri.

Nilichukua OBJ kwa sababu ni nyepesi na kompyuta yangu imezeeka. Nikaunganisha kuta, milango na paa kuwa umbo moja, na lile faili dogo la rangi linalopaswa kuandamana nayo nikalisahau. Nyumba ikatokea ya kijivu, kama imemwagiwa majivu.

Baba aliitazama kwa adabu. "Ni nzuri, mama," akasema. "Hebu ondoa chumba cha nyuma nione hewa itapitaje."

Sikuweza. Kila kitu kilikuwa kimeshikana. Ningegusa chumba, nyumba nzima ingeondoka.

Nikaanza upya na fomati nyingine, FBX, kila ukuta na jina lake, rangi zikiwa zimefungwa humohumo. Mara ya kwanza nyumba ikaja kubwa mara mia, kwa sababu programu moja ilihesabu mita na nyingine sentimita. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema hilo ni ghala la pamba. Nikarekebisha vipimo, na safari hii ikaja nyumba yetu, na rangi yake ya chokaa na mlango wake wa kijani. Nikawa naficha ukuta mmoja mmoja kama alivyoniagiza.

Tulipofika ukuta wa sebuleni, akanizuia.

"Huu siyo wetu. Wetu umepinda."

Kweli umepinda. Niliunyoosha kwenye modeli makusudi, kwa heshima yake. Mji huu ulimjua Baba kwa kunyoosha kuta, na mimi siku zote nilidhani ardhi ndiyo iliyotitia. Nikamwambia hivyo.

Ndipo akanisimulia. Ilikuwa miaka ile ya shida, saruji inatoka kwa kibali na wengine wanakosa kabisa. Yeye alipata mifuko michache. Akachanganya udongo wote wa siku ile, saruji na mchanga, akaanza kupanga tofali, na Mama akamshikia kamba ya kunyooshea upande wa pili, mimba yangu ikiwa kubwa.

"Mama yako alikuwaga hasemi akiumwa," Baba akasema. "Uchungu umemshika, yeye kanyamaza, kashika kamba. Alijua nikiacha, udongo unaganda, na mfuko mwingine hakuna. Mkono ulikuwa unamshuka, na mimi nafuata kamba."

Udongo ulipokwisha ndipo Mama alipomwambia waende hospitali. Nilizaliwa jioni ileile.

Baadaye biashara ilipofunguliwa na saruji ikajaa madukani, Baba alitaka kuubomoa aujenge tena, maana mafundi wenzake walikuwa wanamcheka. Mama akakataa. Baba akavumilia kuchekwa miaka yote hiyo, na hakumweleza mtu.

Nililia mbele ya kompyuta, mtu mzima mimi. Baba akajifanya anatazama nje.

Nikampigia Rajabu kwa spika, Baba akachukua simu mwenyewe. Akamwambia chumba cha nyuma kivunjwe, na jiko, na paa libadilishwe, ila ukuta wa sebuleni ubaki, na akamweleza kwa nini.

"Sawa, Baba," Rajabu akasema. "Tutauzungushia nyumba mpya."

Nimeupinda ukuta kwenye modeli kama ulivyo, nikalihamisha faili tena. Baba aliiangalia picha muda mrefu, akaniomba nimtolee ya karatasi.

Nimekulia kando ya ukuta huo. Nimeegemea pale nikisoma, nimeupaka chokaa kila Idi, na sikuwahi kuuliza. Mangapi mengine sijamuuliza?

Kesho asubuhi sitawasha kompyuta. Nitachemsha chai, nikae naye barazani, nimwache aanzie anapotaka.