Nimeitwa Mombasa, Mama

Msambweni, Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako huko uliko. Sisi sote wazima. Mimi nimezidi uzima: tangu juzi moyo wanirukaruka kama mtoto asubuhi ya Idi, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Nimepata kazi, mama. Tena si moja. Mbili!

Najua ungesema, "Mwanakombo, polepole, maneno hayakimbii." Basi nianze mwanzo. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi niliomba kazi mahali pawili, hapa Msambweni na kwenye hospitali kubwa ya Mombasa. Mjomba Hamisi, ambaye baada ya maziko yako aliapa kuwa mpwa wake hataosha damu za watu, ndiye aliyenipeleka kwenye mahojiano. Miaka miwili alikataa. Wa tatu akaja asubuhi amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akasema, "Haya, twende."

Mombasa nilihojiwa na metroni, mama wa Kizungu, mrefu, Kiswahili chake cha kitabuni. Akaniuliza: wagonjwa wawili wakikuita kwa pamoja nawe uko peke yako, utamwendea nani kwanza? Nikamwambia, "Kwanza nitamtazama yule wa tatu, aliyenyamaza. Anayeita bado ana pumzi." Kalamu yake ikasimama. Nikadhani nimeharibu. Wewe wajua jibu lile nililitoa wapi. Nilipotoka nilimkuta Mjomba kakaa kwenye ngazi, viatu vya kuazima kavishika mkononi, midomo yasoma dua.

Daktari wa hapa hakuwa na maswali. Alinitia mikononi mtoto anayelia na kipimajoto, akatoka nje. Aliporudi mtoto amenyamaza, homa imeandikwa. "Njoo Jumatatu," akasema.

Nikaanza. Siku ya kwanza nilivaa kofia nyuma mbele hadi adhuhuri, na hakuna aliyeniambia! Wiki ya tatu ikaja barua ya Mombasa: nimekubaliwa, miaka miwili ya kusomea ukunga kamili, malazi juu yao, nijibu kabla mwezi haujaisha. Hapo nikachanganyikiwa. Shangazi akasema, "Kazi unayo, nyumbani upo, wataka nini tena?" Nikaona kweli. Nikiisoma tena ile barua, naona kweli nyingine.

Jumatano akaletwa mwanamke kutoka Funzi, uchungu umemshika tangu jana yake. Mumewe na mkwewe walimvusha kwa mashua, kisha akabebwa kwa kitanda. Kufika mlangoni akashuka, akaikumbatia nguzo. "Siingii! Humo mtu huingia kwa miguu akatoka kwa jeneza." Mumewe akamsihi, mkwewe akalia. Bi Mejumaa, mkunga wetu, akaniita.

Nikakaa chini, sakafuni, miguuni pake. Mama, nisamehe, nilikutaja kwa mtu nisiyemjua. Nilimwambia, "Dada, mama yangu alisema hivyo hivyo. Akabaki nyumbani. Nilikuwa nimemshika mkono." Basi. Akanitazama, uchungu ukamjia ukapita. Kisha akaiachilia nguzo, akanishika bega.

Alijifungua mtoto wa kike, kilio chake kilisikika hadi barabarani. Lakini damu ikaja, mama. Ile ile. Nami nikasimama na beseni, sijui nifanye nini. Bi Mejumaa alikuwa ameshamchoma sindano, mkono wake mmoja wamkanda tumbo, sauti yake shwari kama mtu akandaye unga, akimwambia mgonjwa: "Nitazame mimi, mwanangu, nitazame mimi." Damu ikapungua. Ikakoma. Yule mwanamke akaomba chai.

Ndipo nilipojua kuwa inazuilika. Nilitoka nyuma ya jengo nikalia, kisha nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Bi Mejumaa alinifuata, akifuta mikono. "Kumtoa pale mlangoni, mimi nisingaliweza," akaniambia. "Lakini ukishaingia ndani maneno hayatoshi. Nenda Mombasa ukajifunze, nami nakusubiri. Usikawie, nazeeka."

Jana nilijibu Mombasa: nakubali. Daktari alikunja uso, kisha akaniandikia barua ya sifa ya ukurasa mzima, na kusema nikirudi nafasi yangu ipo. Shangazi bado amenuna, ila nimemwona akinishonea mto. Na Mjomba! Leo msikitini amemwambia kila mtu kuwa Wazungu wa Mombasa wamemlilia awape mpwa wake. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukashika mbavu.

Nasafiri kesho. Naogopa kidogo, nafurahi mno.

Mama, siku ile sikukuaga. Nilidhani umepata usingizi, nikakufunika leso, nikaenda kuteka maji. Basi leo nakuaga vizuri. Kwaheri ya kuonana, Mola akulaze pema. Nakuahidi kuwa nitasoma kwa bidii zangu zote, na nitarudi huku huku kwetu, mkunga kamili.

Mwanao akupendaye,
Mwanakombo