Usimtii Mtahini

Kambi ya Dzaleka, Jumapili

Mwanangu Mapendo,

Mama yako mdogo amepona malaria, anakusalimu.

Kabla ya mtihani wako wa urubani wa Ijumaa hapo Lilongwe, jua kilichoniangusha mimi katika wangu kule Lubumbashi. Tulipokaribia kutua, upepo wa ubavuni ulizidi kiasi. Mtahini, mzee wa rika la babu yako, akasema, "Tua tu, kijana." Alikuwa ananipima. Mimi ninayegombana na mapadri na mawaziri nikajibu, "Ndiyo, mzee," nikatua. "Ungeua abiria kwa adabu," akaniambia, akanifelisha. Kisha vita vikaja, sikuurudia mtihani.

Wewe mtahini akikuamuru hivyo, mwambie, "Hapana, mzee," upae tena. Wafundishe na wenzako, hata kwa kunitaja jina. Miaka ishirini nimewadanganya watu, hata baba yako, kwamba nilifeli kwa sababu injini iliharibika.

Baba yako mdogo,
Raphaël