Sensa Tumeihamisha, Tata

Kaisho, Kyerwa
Jumapili, baada ya misa

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuuma na kwamba Mama hajakuruhusu tena kupanda juu ya bati. Mimi sijambo, ng'ombe ninaowahudumia hapa hawajambo, na gari lako uliloniazima sasa nalo halijambo, ingawa limenitoa roho kabla ya kukubali kupona. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Barua ukiikunja itakaa hapo hapo ikusubiri.

Mara ya kwanza ulikata nilipotaja sendi-ofu ya binti wa Baba Mdogo. Wakwe wanakuja mwezi ujao, mkubwa wa kuwapokea ni wewe, na umeapa kwamba hukanyagi ua wa mdogo wako kwa sababu ya boksi spana namba kumi. Miaka sita, Tata, kwa kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja! Mama ameniambia Baba Mdogo ameanza kutafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti chako, na akilisema hilo kwenye simu hushusha sauti. Mara ya pili ulikata niliposema fundi anataka kuhamisha sensa kwenye injini yako. Nianze na hiyo ya pili, maana ndiyo iliyonirudisha kwenye ya kwanza.

Gari lilianza kuchoka kidogo kidogo. Taa ya injini ikawaka, kila kilima likawa linapanda kwa kuguna, na mafuta linakunywa kama limetoka jangwani. Fundi Edisoni, mwenye gereji karibu na soko, akachomeka mashine yake ya kupimia akasema ni sensa ya noki. Ni kidude kidogo kinachokazwa kwenye chuma cha injini ili kisikilize kama injini inagonga. Kikinyamaza, kompyuta ya gari huogopa na kupunguza nguvu. Kidude chenyewe hakina neno, lakini mahali walipokiweka! Kimelala shimoni katikati ya injini, chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, mkono haufiki. Aliyekiweka pale nadhani hajawahi kushika spana maishani mwake.

Na waya wake nani kaukata? Panya. Ma Koku, mama mwenye nyumba wangu, aliona mvua ya mawe inanipigia gari akanihurumia, akaniambia niliingize kwenye banda lake la kahawa. Nikashukuru, mjinga mimi. Magunia ya kahawa upande mmoja, injini yenye joto upande wa pili, panya wakahamia humo na familia zao. Nilipomweleza, alichukia kana kwamba nimewatukana wanawe.

"Mwana wange, panya wa hapa wanakula kahawa. Waya wautakie nini?"

Edisoni akachomoa kwenye injini konzi nzima ya maganda ya kahawa, akamkabidhi. Ma Koku akayanusa, akasema hiyo kahawa si ya kwake.

Najua ulivyosema kabla ya kukata: afungue manifoldi yote inavyotakiwa, injini yako haihamishwi kitu. Nilimfikishia neno kwa neno. Akajaribu bolti ya kwanza, ikalia, akatoa spana.

"Dada, hizi zimeshikana na kutu. Ikikatikia ndani hata moja, gari litazeekea hapa. Na gasketi yake nimeulizia mpaka Kayanga, haipo. Mzee aje aifungue mwenyewe."

Tata, wewe uko Muleba kwenye kiti chako. Mimi nilikuwa nazungushwa kwenye matope na bodaboda, nimekumbatia boksi la barafu lenye chanjo za ng'ombe, mguu umeungua kwenye ekzosi. Nikamwambia anunue sensa mpya, ile ya zamani aiache kaburini mwake.

Usidhani hapo ndipo taabu zilipoisha. Mara ya kwanza aliifunga sensa kwa mkanda wa plastiki juu ya hozi ya maji, akanipa ufunguo kwa tabasamu. Kufika Ihanda, taa hiyoo! Nilirudi nimefura. Nikamuuliza sensa itaisikiaje injini ikiwa imelala kwenye mpira. Akajikuna kichwa, akasema kumbe na madaktari wa ng'ombe wanajua magari. Safari hii akatafuta tundu la bolti lililokuwa wazi juu, ubavuni mwa injini, akasugua chuma mpaka kikang'aa, akaikaza hapo barabara. Waya mpya akaupitisha mbali na joto, akauvika bomba gumu ili panya wavunje meno. Taa imezima, na kilima cha nyuma ya kanisa nimekipanda bila gari kuguna.

Lakini wakati anakaza, nati yake moja ilimponyoka ikatumbukia shimoni. Akalaani, akachukua sumaku ya spika mbovu, akaifunga kwenye waya na kuitumbukiza katikati ya mabomba ya manifoldi kama anayevua samaki. Ikatoka na kitu, lakini si nati. Akakifuta kwenye ovaroli, akanipa.

Boksi spana namba kumi. Ina alama zako tatu za msumeno, zile unazozichonga kwenye kila chombo chako ili asijidai mtu kuwa ni chake.

Niliketi kwenye ndoo ya oili nikalia, Edisoni akidhani nalilia gari. Niliiona siku ile kama jana. Ulikuwa unabadilisha hozi, Baba Mdogo amekushikia tochi tangu asubuhi bila kunywa hata chai. Namba kumi ikakosekana. Ukamwamuru ageuze mifuko mbele ya wageni wako, mtu mzima mwenye watoto, naye akageuza. Zikaanguka karanga na rozari. Akaziokota moja moja, akaenda zake, na wewe ukaendelea kutafuta chini ya gari. Niwie radhi, Tata, wewe ni mzazi wangu na heshima yako iko palepale, lakini nina hasira na wewe. Miaka yote hiyo umezunguka na namba kumi ndani ya injini yako mwenyewe, umekwenda nayo kanisani, umekwenda nayo hata kwenye mazishi ya Bibi, ambako mlisimama pande mbili za kaburi.

Mwalimu wa jirani anakuja Muleba kesho kutwa, nimempa barua hii pamoja na kifurushi. Ndani kuna kahawa ya kutafuna aliyoifunga Ma Koku kwenye jani la mgomba. Anaapa panya hawajaigusa. Hiyo ni ya kutafuna watu wawili. Na ndani ya leso kuna namba kumi.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie sweta alilonifumia ndilo ninalovaa sasa hivi. Msalimie dada yangu mkubwa na mumewe, na shangazi anayeuza senene aniwekee za kwangu. Bibi harusi mwambie nitakuja siku ile, na gari litafika.

Salamu za Baba Mdogo sikuziandika, wewe ndiye utakayezipeleka. Namba kumi usiirudishe kwenye sanduku la vyombo. Itie mfukoni, uvuke shamba la migomba mpaka uani kwake, na kama wageni wapo, ni vizuri zaidi. Maneno ukiyakosa usihangaike, Tata. Geuza mfuko.

Ni mimi binti yako,
Jovitha