Ekseli ya Mbele ya Chevrolet

Jumamosi, 19 Oktoba 1996

Dwight kaja asubuhi, kama kila Jumamosi. Kagonga mlango wa gereji. Wa nyumba hajaugusa tangu talaka yetu itoke mwezi Machi. Tukasalimiana, tukaingia chini ya Chevrolet.

Leo tumemaliza kung'oa vyuma vyote vya kiwandani vya mbele — mikono, springi, kutu. Gari la mwaka hamsini na tano, pua yake juu ya stendi, halina miguu. Sasa kilichobaki ni kuchagua ekseli. Ekseli moja iliyonyooka, kutoka tairi hadi tairi, kama walivyokuwa wakifunga vijana wa mashindano wakati tunasoma. Pua inanyanyuka, gari linakaa kama linataka kupigana.

Dwight anataka ya bomba. Mpya. Nyepesi. Kanionyesha picha kwenye katalogi.

"Inakuja kwenye sanduku na vishikizo vyake vyote. Tunachomea, tunafunga. Jumamosi mbili gari liko chini, kwa matairi yake."

Mimi nataka ya zamani, ile nzito ya chuma cha kufua. Nikamwambia hiyo yake inafanana na bomba la choo.

"Verna, wewe unataka gari au unataka makumbusho?"

"Nataka gari lisilo na bomba la choo mbele."

Akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu. Jikoni miaka ya mwisho hatukuwa tukicheka. Hatukugombana pia. Tulikuwa tunapitishiana chumvi.

Wakati wa kuondoka akasema kaka yake wa Arizona ameshamwandalia chumba. Kazi ipo pia, karakana ya matrekta. Gari likiisha analipakia kwenye trela, anahama. Nilikuwa nafuta spana. Nikasema vizuri, huko jangwani magari hayaoti kutu.

Jumatano, 23 Oktoba

Fay kapiga simu. Dada yangu akipiga simu katikati ya wiki ujue kasikia jambo. Kasikia habari za Arizona kanisani.

Akauliza nasemaje. Nikasema tunabishana juu ya ekseli.

"Ekseli," akasema. Kisha: "Na hiyo unayoitaka wewe, itachukua muda gani kufunga?"

Nikasema mpaka majira ya kuchipua labda.

"Ahaa."

Sipendi Fay anavyosema ahaa. Nikamwambia nina nyama kwenye oveni. Sikuwa na nyama kwenye oveni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumekwenda kwa Orrin Tuttle. Mzee ana magari mabovu shamba zima, nyuma ya ghala, mengine miti imeota ndani. Dwight kakubali kwenda kuangalia tu. Kasisitiza — kuangalia tu.

Orrin hajui habari za talaka. Akamuuliza Dwight, "Huyu mama bado anakuvumilia?"

Dwight akatazama buti zake. "Anajitahidi."

Mimi nami sikusahihisha. Ilikuwa baridi na mzee alikuwa ameshaanza kutembea.

Ekseli ilikuwa chini ya vani ndogo ya zamani. Nzuri. Dwight akalala kwenye majani yenye maji, akavuta uzi toka ncha hadi ncha, akafumba jicho moja. Imenyooka. Akapapasa kwa kidole matundu ya kingpini, zile pini zinazogeuzia magurudumu. Akasahau kwamba amekuja kuangalia tu — nilimwona anavyosahau. Baada ya kitambo akaomba spana.

Orrin akatuonya: "Msiifunge kabla hamjaipima nyufa. Chuma cha umri huu kinaweza kukuchekea usoni, kisha kikakuacha uko mwendo wa maili mia."

Kupima ni kazi yangu. Mezani kwangu kiwandani napima vipuri kutwa nzima.

Tukaibeba wawili, yeye ncha moja mimi nyingine. Nzito kweli. Njiani Dwight akawa anahesabu kwa sauti vitakavyohitajika. Kingpini mpya. Springi za mabapa. Vishikizo vya kutengeneza wenyewe, kimoja kimoja. Steringi yote kuhamishwa.

"Hiyo ni kazi ya kipupwe kizima, Verna."

"Najua."

Akaniangalia kidogo. Kisha akawasha redio.

Jumamosi, 2 Novemba

Dwight hayupo. Kaenda Arizona kuona chumba.

Nimefagia gereji. Nimepiga ekseli brashi ya waya mpaka ikang'aa. Nimekula supu ya kopo kwa kusimama.

Jumatatu, 4 Novemba

Kapiga simu toka huko. Kasema hewa ni kavu, kaka yake kanenepa, chumba kina dirisha linaloangalia ukuta. Akauliza kama nimeshapima. Nikasema bado. Akasema ikiwa nzima tutaona, ikiwa mbovu basi ile ya bomba, yasiwe mabishano tena. Nikasema sawa.

Akabaki kwenye simu. Nami nikabaki. Halafu akasema simu ni ya kaka yake, akakata.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepima.

Nimepulizia rangi nyekundu ekseli nzima, nikasubiri izame, nikafuta, nikapulizia ile nyeupe inayovuta rangi juu kama kuna mahali imejificha. Katikati safi. Kulia safi. Kushoto, kwenye tundu la kingpini — mstari. Mwembamba kama unywele, mwekundu, umepinda kufuata ukingo.

Nikafuta nikarudia. Upo palepale.

Kiwandani nisingefikiri mara mbili. Kipande kinakwenda kwenye pipa la chakavu, naita kingine. Hapa nilikaa kwenye ndoo na kitambaa mkononi. Ukifuta ile nyeupe huoni kitu. Chuma kinang'aa tu. Dwight hajawahi kurudia kipimo changu, hata siku moja, tangu tufahamiane. Ningemwambia nzima na angefunga.

Na Dwight ndiye atakayekaa nyuma ya usukani.

Sikufuta. Nimefunika kwa gazeti ili vumbi lisiingie.

Jumamosi, 9 Novemba

Theluji tangu alfajiri, nzito, ya majimaji. Nikadhani hatakuja. Kaja. Kachomwa jua puani.

Nikaondoa gazeti nikamwonyesha. Mstari unajieleza. Akachuchumaa. Akaweka kidole gumba pembeni yake bila kuugusa. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona ufa.

"Ungeweza kutoniambia," akasema.

"Ungekufa."

"Ndiyo. Lakini baadaye."

Nikamwambia basi, bomba limeshinda. Jumatatu nitapiga simu kuagiza, wanazo tayari, nimeshauliza. Jumamosi mbili, kama alivyosema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilisikiliza, ilikuwa ya kawaida.

Dwight akasimama, magoti yakalia. Akaenda kwenye benchi, akafungua katalogi, akaitazama ile picha. Akaifunga.

"Ni nyepesi mno ile," akasema. "Kwa injini hii."

Mwezi mzima wepesi ndio ulikuwa sifa yake. Sikumkumbusha.

Kisha akasema, akiutazama mlango wa gereji, kwamba njiani amepita kwa Orrin. Mzee ana nyingine. Iko nyuma ya ghala, imelaliwa na gari la kubebea majani lililoanguka, nusu yake imezama kwenye udongo. Hakuna ajuaye hali yake. Ardhi ikishaganda hatutaweza kuichimba mpaka Aprili.

Nikauliza, "Na kaka yako?"

"Nimemwambia kuna kazi haijaisha."

"Na chumba?"

"Chumba hakina miguu, Verna."

Nikasema tunaweza kwenda kuiona. Kuangalia tu. Akasema kuangalia tu, akatoka kupasha injini. Nimeingia ndani kuchukua koti, ndiyo naandika haya nimesimama kwenye kaunta ya jikoni. Namwona dirishani, anakwangua theluji kwenye kioo, upande wangu kwanza. Sasa ameacha. Anapanda ngazi za mbele.

Anagonga mlango wa nyumba.