Ua Umesimama, Baba

Kigali, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama ameniambia kwa simu kwamba siku hizi sindano ya tezi dume huikimbii, unakwenda hospitali mwenyewe bila kusindikizwa. Hongera, mzee! Mimi mzima, na leo nina furaha ya kukera watu.

Unakumbuka ulivyoniuliza siku naondoka Karagwe? Saratani iliyoanzia kwenye tezi ilipataje njia hadi mgongoni? Sasa nakujibu.

Mwilini kuna vichochezi vya ukuaji. Seli ya saratani ikivipata, hutoa vimeng'enya vinavyokula tishu zinazoizunguka, kama yule beberu wako anavyotafuna ua mpaka apate pa kutokea. Kazi yangu maabara ni kutafuta kichochezi kinachoamsha vimeng'enya hivyo, na kuona kama kinazuilika.

Tunatumia jeli, mithili ya supu ya makongoro iliyoganda, tunaitilia majimaji yaliyotoka kwenye seli, kisha tunaipaka rangi ya buluu. Vimeng'enya vikiila, panabaki peupe. Mara ya kwanza pakawa peupe kote, hata kwa seli ambazo hatukuzipa kichochezi. Bosi wangu, Daktari Imakulata, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, akanigeukia.

“Oya, sha! Ulizipa chakula?”

“Kidogo tu, Daktari. Ningezilazaje na njaa?”

“Seli iko imeshiba, tutajua aje nini imeiamsha? Ikiwa na njaa ndiyo inasema ukweli!”

Ndiyo malezi yenu hayo, Baba, nyumba ambayo hata mgeni wa jirani halali njaa! Kumbe chakula cha seli kina majimaji ya damu ya ndama, nayo yamejaa vichochezi na vimeng'enya vyake yenyewe. Akasema nirudie mara moja tu. Nikiharibu, swali lako linawekwa kando.

Nikazinyima. Roho iliniuma, cheka tu. Ijumaa tukaitoa jeli. Pasipo kichochezi, buluu. Penye kichochezi, peupe. Penye kichochezi pamoja na dawa ya kukizuia, buluu tena, jeli haikuliwa! Daktari akapiga impundu, vigelegele vyao, mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Usije ukaacha sindano. Haya ni ya kwenye sahani za maabara, tiba bado iko mbali.

Nisalimie Mama, shangazi muuza ndizi, na kaka Deo. Mwambie umri wa kupimwa umemfikia, aache aibu.

Baba, beberu alikuwepo, na hamu ya kutoka alikuwa nayo. Ua umesimama. Nimeona kwa macho yangu.

Bintiyo,
Adela