Jembe Halikuwa na Kosa

Titye, 9 Aprili 2024

Kwako Immakulata,

Natumaini mvua za Kibondo zimeshika vizuri. Huku maharage yanachanua kwenye mteremko tuliolima pamoja, kabla sijakurudisha kwa baba yako. Nikiyaona nakumbuka ulivyokuwa ukiimba wakati wa palizi na kunicheka: "Mwalimu, hilo ni jembe, si chaki."

Mimba tatu zimemtoka binti yangu Ndayisenga, niliyemzaa baadaye, kama zilivyokutoka wewe. Juzi nilimpeleka hospitali Kasulu. Daktari alimpiga picha, akatuonyesha ukuta mwembamba unaogawa mji wa mimba. Alisema amezaliwa nao, na unaweza kuondolewa.

Nikamwuliza, "Si kwa sababu ya kulima?"

"Hapana, mzee. Hata angelala mwaka mzima."

Wewe hatukukupima, wala sijui tatizo lilikuwa nini. Lakini mama yangu alipolilaumu jembe lako nilikubali, nikakufungia mizigo kwa mikono yangu. Nilikosa.

Mkwe wangu naye alitaka kumrudisha Ndayisenga. Nilimsomea majibu ya daktari mbele ya mama yake mzazi, akaghairi.

Sikuombi jibu. Nilitaka ulisome hili kwa mwandiko wangu.

Venanti